Daftari la Nchi Liko kwa Nani?

Katikati ya mwaka 2002 magazeti ya Afrika Kusini yalishikwa na habari ya faili moja la kompyuta lililovushwa mpaka. Faili lenyewe halikuwa na siri yoyote. Lilikuwa orodha ya maandishi, fupi kiasi cha kuenea kwenye disketi moja, inayosema kwamba anayetafuta majina ya co.za akaulize kwenye seva fulani, ya ac.za akaulize kwingine, ya gov.za kwingine tena. Aliyelivusha ni Mike Lawrie, mtaalamu wa kompyuta aliyelitunza tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Alitangaza mwenyewe kwamba nakala kuu imeondoka nchini, akakataa kusema imekwenda wapi.

Bungeni Cape Town muswada wa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ulikuwa njiani. Ungeunda mamlaka mpya ya kikoa cha .za (majina yote yanayoishia na .za), yenye bodi ya watu tisa wa kuteuliwa na waziri wa mawasiliano, wakati huo Ivy Matsepe-Casaburri, na ungeharamisha mtu asiye na kibali kuligusa faili lile, yaani daftari la .za. Lawrie alidai kwamba bunge haliwezi kujitwalia kwa kura kitu ambacho halikukitoa. Alikuwa tayari kukabidhi, alisema, ila kwa chombo kilichokubaliwa na watumiaji na kwa utaratibu unaotambulika duniani. Serikali nayo ilikuwa na hoja. Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu uchaguzi wa 1994, na hapa palikuwa na jina la taifa zima mikononi mwa mtu ambaye hakuna mpiga kura aliyemchagua. Nikiusoma ugomvi ule leo naona kila upande ulipatia kuhusu udhaifu wa mwenzake na ukazidisha chumvi kuhusu haki yake wenyewe.

Tuone kwanza daftari hili hufanya nini. Mtu wa Kisumu akiandika anwani inayoishia na .ke, kompyuta huanza safari kwenye seva za mizizi, zile zilizo juu kabisa ya mfumo, zenye majina 13 yanayojulikana dunia nzima. Seva hizo hazina habari ya benki yake wala gazeti lake. Zinajua tu ni seva zipi zenye daftari la .ke, na huko ndiko zinakomwelekeza. Zile za .ke nazo humwelekeza kwa mwenye jina. Yote hayo huisha kabla hajapepesa jicho. Daftari likitoweka, benki ipo, fedha zipo, mashine zake zinawaka, ila hakuna anayefika. Libya iliyaonja hayo Aprili 2004, kikoa cha .ly kilipopotea kwa siku kadhaa katikati ya mzozo kuhusu nani msimamizi wake halali.

Sasa, ilikuwaje kitu kizito namna hiyo kikawa kwa mtu mmoja? Jibu liko Grahamstown, kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes, mwaka 1988. Vikwazo dhidi ya utawala wa ubaguzi vilikuwa vimeibana nchi, na vyuo vyake havikuwa na njia rasmi ya kuingia kwenye mtandao uliokuwa ukikua Marekani. Lawrie na wenzake wawili pale Rhodes wakapata uchochoro: kompyuta yao ilipiga simu ya kawaida hadi nyumbani kwa Randy Bush, mtaalamu wa programu mjini Portland, Oregon, ikamwaga barua pepe, ikazoa zilizokuwa zikisubiri, ikakata simu. Bush alizisukuma mbele. Novemba 1991 laini ya kudumu ilipounganishwa kati ya Rhodes na Marekani, mwisho wake wa pili ulikuwa nyumbani kwa Bush vilevile. Hakuna waziri aliyekata utepe.

Kikoa cha .za kilikuwa kimeshatolewa mwaka 1990, na kilitolewa kwa njia iliyotumika dunia nzima wakati ule: ombi lilikwenda kwa Jon Postel. Huyu alikuwa mtafiti mwenye ndevu ndefu katika taasisi moja ya Chuo Kikuu cha Southern California, huko Marina del Rey, na kwa miaka mingi ndiye aliyeshika orodha ya juu kabisa. Oktoba 1984 yeye na Joyce Reynolds waliandika waraka ulioweka vikoa vikuu, pamoja na vile vya herufi mbili kwa kila nchi. Herufi hizo hawakuzibuni. Walizichukua kwenye orodha ya kimataifa ya viwango, ISO 3166, ambayo ilikuwa imeshaamua kwamba Kenya ni KE na Tanzania ni TZ. Ulikuwa uamuzi wa busara kuliko ulivyoonekana. Postel alijiepusha na vita vya kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi, akawaachia watu wengine kabisa.

Lakini herufi zikishakuwepo, nani akabidhiwe? Hapo Postel alitumia kipimo cha kijijini: anajulikana? Anaaminika? Ana kompyuta isiyozimika? Machi 1994 aliandika kanuni zake katika waraka unaojulikana kama RFC 1591, kurasa chache tu, na mpaka leo wanaogombana juu ya vikoa huurudia kama mashekhe wanavyorudia kitabu. Kwa maneno yangu, unasema hivi: msimamizi ni mdhamini, anashika amana kwa niaba ya watu wa nchi ile na kwa niaba ya watumiaji wote wa intaneti. Asidai kwamba ni mali yake, azungumze kuhusu wajibu na huduma. Awatendee sawa wote wanaoomba majina. Na akibadilishwa, wale wanaoguswa wawe wamekubaliana. Serikali haikutajwa kama mwenye nyumba. Oktoba 1997 ndipo Postel alipotoa waraka mwingine akisema matakwa ya serikali ya nchi yatapewa uzito mkubwa.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda kwa mtindo uleule wa Grahamstown, na kwa mtu yuleyule wa Portland. Kikoa cha .ke kiliandikishwa Aprili 1993, msimamizi wake wa utawala akiwa Dk. Shem Ochuodho, msomi wa kompyuta ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Rangwe, na upande wa ufundi ukiwa kwa Randy Bush. Cha .tz kilifuata Julai 1995, ufundi ukiwa kwa Bush tena. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa madaftari ya Kenya na Tanzania yalikuwa yakihudumiwa Marekani na mtu wa kujitolea. Tusione ajabu. Shirika la Posta na Simu la Kenya wakati ule lilikuwa na ukiritimba wa laini zote, na mwananchi alisubiri miaka kupata simu ya mezani. Nani pale ofisini angeamka usiku kurekebisha seva ya .ke, wakati .ke yenyewe ilikuwa na majina ya kuhesabika?

Wivu ulikuja pamoja na pesa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 visiwa vidogo vilishagundua kwamba herufi mbili zinaweza kuuzwa. Tuvalu, yenye watu wapatao elfu kumi, iliingia mkataba juu ya .tv uliotangazwa kuwa wa dola milioni 50 kwa miaka kumi na kitu, na mwaka 2000 ikajiunga na Umoja wa Mataifa ikisaidiwa na fedha hizo. Hata Pitcairn, kisiwa cha watu hamsini hivi katika Pasifiki, kilikuta .pn imesimamiwa bila idhini ya wakazi. Wakaandika ombi, karibu kila mtu mzima akatia sahihi, na Februari 2000 wakarudishiwa. Serikali za Afrika zikaanza kuuliza: chetu kiko kwa nani?

Hata orodha ya juu yenyewe ilikuwa inagombewa. Tarehe 28 Januari 1998 Postel aliwaandikia barua pepe waendeshaji wanane wa seva za mizizi akiwataka wachukue nakala yao kwenye kompyuta yake badala ya ile iliyokuwa chini ya mkataba wa serikali ya Marekani. Wote wanane walimtii. Kwa siku chache intaneti ilikuwa na vichwa viwili vinavyofanana, na watumiaji hawakuhisi kitu. Ikulu ya Marekani ilihisi. Mshauri wa rais, Ira Magaziner, aliingilia kati, Postel akarudisha mambo yalivyokuwa na kusema lilikuwa jaribio. Septemba mwaka huo likaundwa ICANN, shirika lisilo la faida la California, lichukue kazi aliyokuwa akiifanya yeye. Postel alifariki mwezi uliofuata, akiwa na umri wa miaka 55. Madaftari ya nchi zote yaliyotolewa kwa kuaminiana yakabaki bila yule aliyeaminiwa na pande zote.

Afrika Kusini ilipitisha sheria yake Julai 2002. Mbingu hazikuanguka. Hakuna aliyefungwa, majina ya .za hayakuzimika, na baada ya mashauriano marefu ICANN ilikabidhi kikoa kwa mamlaka mpya mwaka 2004. Lawrie alipata alichokitaka kwa nusu: utaratibu ulifuatwa. Serikali nayo ilipata kwa nusu: bodi ni ya waziri.

Kenya ilipita njia nyingine mwaka huohuo wa 2002, bila vichwa vya habari vingi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Badala ya kuandika sheria ya kunyakua, walikaa pamoja: Tume ya Mawasiliano iliyokuwa imezaliwa mwaka 1999, watoa huduma za intaneti, vyuo, asasi za kiraia. Wakaunda kampuni isiyo ya faida, KeNIC, ambayo mdhibiti wa serikali ana kiti ndani yake lakini si meza nzima. Kisha wakapeleka ombi ICANN. Huko maswali huwa ni yaleyale: serikali inasemaje, jamii ya watumiaji imeshirikishwa, msimamizi wa zamani anakubali, na mnao ufundi wa kuendesha seva zaidi ya moja kwenye mitandao tofauti ili moja ikianguka nyingine isimame? Idhini ilitoka Desemba 2002, mwezi uleule Wakenya walipomchagua Mwai Kibaki. Kazi iliyokuwa Oregon ikahamia Nairobi.

Tanzania ilichelewa lakini ikaiga sura hiyo. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na chama cha watoa huduma za intaneti walianzisha tzNIC mwaka 2006, na mwaka 2010 .tz ikahamishwa rasmi kwake. Uganda haikuhama. Huko .ug imekaa kwenye kampuni binafsi ya Kampala tangu miaka ya 1990, serikali ikinung'unika mara kwa mara. Wapo wanaodhani kuwa hiyo ni kinga dhidi ya dola, na wanakosea. Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti ya Uganda ilizimwa nchi nzima kwa amri iliyopelekwa kwa kampuni za simu, na hakuna aliyehitaji kuligusa daftari la .ug. Anayetaka kunyamazisha watu ana milango mingine iliyo karibu zaidi.

Magharibi mwa Uganda na Tanzania habari ilikuwa chungu zaidi. Zaire ilipobadilika kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo Mei 1997, msimbo wake nao ulibadilika, .zr ikapisha .cd, na ile ya zamani ikafutwa mwaka 2001. Lakini .cd ilisimamiwa kutoka Uswisi, na .rw ya Rwanda pia. Kwa miaka mingi mfanyabiashara wa Kigali aliyetaka jina la nchi yake alikuwa mteja wa ofisi ya Ulaya. Rwanda ilidai, ikasubiri, ikadai tena, na ilikuwa 2012 ndipo .rw ilipokabidhiwa kwa RICTA, chama cha wadau wa intaneti cha hapo nyumbani. Kongo ilikuwa imerudishiwa ya kwake mwaka mmoja kabla, na yenyewe iliikabidhi kwa shirika lake la umma la posta na simu, SCPT.

Na hapa ndipo wale wanaosema mpeni serikali yaishe wanapaswa kusimama kidogo. Mwishoni mwa 2020 mtaalamu wa usalama wa kompyuta kutoka Sweden, Fredrik Almroth, alikuwa akikagua seva za nchi mbalimbali. Aliona kwamba moja ya seva zilizoandikwa kuhudumia .cd iko chini ya jina scpt-network.com, na kwamba ada ya jina hilo imefikia kikomo bila kulipwa. Akangoja aone kama wenyewe watalilipia. Hawakulilipia, na mwishoni mwa Desemba jina lilianguka sokoni. Mtu yeyote mwenye kadi ya benki angeweza kulinunua, akasimama kati ya Wakongo na tovuti zao, akijibu maswali ya sehemu kubwa ya nchi na kuwapeleka watu anakotaka yeye: kwenye benki ya uongo, kwenye sanduku la barua pepe la uongo. Almroth alilinunua yeye kabla ya mwizi, akawaandikia wahusika Januari 2021, nao wakahamia jina jingine. Wazee wa biashara wa pwani husema mali bila daftari huisha bila habari. Kinshasa daftari lilikuwepo. Ada ya jina ndiyo iliyosahauliwa. Nchi yenye watu wapatao milioni 90 ililindwa na mgeni mmoja mwenye nia njema, yaani hali ileile ya miaka ya Portland, isipokuwa safari hii hakuna aliyejua.

Nchi ya Mali ilipata funzo kinyume chake. Mwaka 2013 kikoa cha .ml kilipelekwa kwa mfanyabiashara wa Uholanzi, Johannes Zuurbier, kwa mkataba wa miaka kumi. Kampuni yake iligawa majina bure, na bure huvuta matapeli, kwa hiyo .ml ikapata sifa mbaya duniani bila raia wa Bamako kufanya lolote. Kisha likaibuka jambo la kuchekesha, kama halingekuwa la hatari. Watu waliokuwa wakiandikia jeshi la Marekani, ambalo hutumia .mil, waliruka herufi moja na barua zao zikaelekea Mali. Kuanzia Januari hadi Julai 2023 pekee Zuurbier alikusanya barua karibu 117,000 za namna hiyo, mojawapo ikiwa na ratiba ya hoteli ya mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani aliyekuwa akienda Indonesia. Alisema amewaonya Wamarekani kwa miaka. Julai 2023 mkataba uliisha na .ml ikarudi kwa serikali ya kijeshi ya Bamako, iliyokuwa na urafiki na Moscow. Ghafla Washington ikajali nani anashika daftari la Mali.

Wakubwa nao wamejaribu kulitumia daftari kama silaha au kama fidia. Familia za Wamarekani waliouawa au kujeruhiwa katika mashambulizi ya kigaidi zilikuwa na hukumu za mamilioni ya dola dhidi ya Iran, Syria na Korea Kaskazini, nazo zikaiomba mahakama ya Washington ikamate .ir, pamoja na .sy ya Syria na .kp ya Korea Kaskazini, kama mtu anavyokamatiwa gari kwa deni. Jaji Royce Lamberth alikataa Novemba 2014, akisema kikoa cha nchi si mali ya kukamatwa namna hiyo. Mahakama ya rufaa ikakataa pia Agosti 2016, ikitazama zaidi madhara kwa watu wengine: wenye majina ya .ir wasiohusika na deni, na uhai wa mfumo mzima. Niliposoma hukumu ile nilifikiri kwamba Postel, marehemu wa miaka karibu kumi na minane, alikuwa ameshinda kesi.

Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Oktoba 2016, Marekani iliachia mkataba wake wa kusimamia orodha ya juu, licha ya seneta Ted Cruz kupiga kelele kwamba intaneti inagawiwa bure. Nchi zilizokutana Tunis mwaka 2005 zilikuwa zimeshaandika kwamba nchi moja isijiingize katika maamuzi ya kikoa cha nchi nyingine. Ahadi ile ilipimwa kwelikweli Februari 2022. Siku nne baada ya majeshi ya Urusi kuvuka mpaka, makamu wa waziri mkuu wa Ukraine, Mykhailo Fedorov, aliiandikia ICANN akiomba .ru ifutwe. Ombi la mtu ambaye nyumba yake inaungua ni gumu kulikataa. Mkuu wa ICANN, Göran Marby, alilikataa tarehe 2 Machi, akisema shirika lake halikuundwa kuadhibu wala kuegemea upande. Naona alifanya sawa. Mkono unaoweza kuifuta .ru kwa sababu nzuri leo unaweza kuifuta .rw au .cd kesho kwa sababu itakayotungwa na mwenye nguvu.

Basi nani ashike? Si mjuzi mmoja, hata awe mwema kama Bush au Lawrie, kwa kuwa mtu hufa, huhama au hukasirika. Si kampuni ya mbali iliyopewa mkataba. Wala si wizara peke yake. Kinshasa ilikuwa na shirika la umma na bado ada haikulipwa, na hakuna mwenye duka wa Lubumbashi aliyekuwa na pa kuuliza. Ashike mwenye kuulizwa akajibu, serikali ikiwa na kiti chake, wenye majina wakiwa na chao, na njia ya kumwondoa ikiwa imeandikwa kabla hajaingia.

Nawe mwenye duka, shule au chama chenye jina la .co.tz, .or.ke au .ac.ug, orodha ya vikoa vyote vya nchi iko wazi kwenye tovuti ya IANA, kitengo cha ICANN kinachotunza orodha ya juu, na haina malipo. Tafuta herufi mbili za nchi yako, soma taasisi iliyoandikwa kuwa msimamizi, kisha uipigie simu uulize bodi yake huteuliwa na nani na mkutano wake wa wadau ni lini. Ukitajiwa tarehe, nenda.